Mlango wa Nyumba Nambari Nne

Sajini aliondoka Ijumaa asubuhi, kamba shingoni, na Akeyo hakutoka nje kumuaga. Alisimama jikoni akijifanya anatafuta kifuniko cha sufuria, na kifuniko chenyewe alikuwa amekishika mkononi. Alimsikia Joan huko nje akibembeleza, "Kuja, Sajini, kuja twende kwetu." Kisha akasikia kucha zikikwaruza saruji ya ua, na geti likafungwa. Akeyo akashusha pumzi. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka minane.

Sajini alikuwa mbwa. Hakuwa mbwa wa kujivunia. Alikuwa wa rangi ya maharagwe, wa aina inayopatikana kila mtaa wa Nakuru, na kwenye mguu wa mbele alikuwa na mistari mitatu myeupe iliyomfanya apewe cheo badala ya jina. Sasa alikuwa mzee, pua imeota mvi. Hakuwa mwizi wa nyama wala hakuwahi kumuuma mtu. Kosa lake mbele ya Akeyo lilikuwa moja tu, kwamba alilelewa na mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo aliitwa Celestine, mke wa kwanza wa Khaemba. Ndiye aliyemwokota Sajini karibu na reli akiwa hajafungua macho vizuri, akamnywesha maziwa kwa kijiko, akampa jina. Celestine hakujaliwa mtoto. Na kwa kuwa kwenye ploti ya nyumba za kupanga kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, majirani walianza kwa mzaha kumwita Mama Sajini, mzaha ukazoeleka, likawa ndilo jina lake. Halafu figo zikamsumbua, akafa mwaka wa 2015. Miaka miwili baadaye Khaemba alimwoa Akeyo akamleta katika nyumba ileile ya kupanga, nambari nne, ploti ya Mzee Kihara pale Bondeni. Sajini alimnusa mgeni miguu, akaenda akalala mlangoni, mgongo kwa Akeyo, macho kwenye geti.

Wiki ya kwanza mtoto mmoja wa ploti alimpita Akeyo kwenye kamba za nguo akasema, "Shikamoo, Mama Sajini." Akeyo alimgeukia kwa hasira mpaka mtoto akaangusha mkate. "Huyo alikufa!" alimwambia. "Mimi naitwa Akeyo." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo tena mbele yake.

Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu yake. Unaweza kumkuta sokoni siku moja amechakaa, kiatu kimefunguka kisigino, ukarudi nyumbani roho imetulia. Celestine hakuchakaa. Alibaki na miaka thelathini na minne kwenye picha ya ukutani, kilemba cha kwaya kichwani na mwanya kwenye meno, huku Akeyo akipita chini yake kila siku na ndoo, akiongezeka umri na kilo. Picha aliishusha mwaka wa pili na Khaemba hakusema neno. Lakini mbwa hakuweza kumshusha ukutani.

Tena wivu wa Akeyo haukuanzia Bondeni. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, mtoto wa pili wa fundi wa magari moshi, na mtoto wa pili alivaa kilichoachwa na wa kwanza. Sare ya shule ilimfikia ikiwa na jina la dada yake limeshonwa kwenye kola. Godoro lilimfikia likiwa na shimo la mwili wa dada yake katikati, naye akalala ndani ya shimo hilo miaka sita. Alipoolewa akiwa na miaka thelathini na mitatu alikuta sufuria zenye alama ya msumari C.N. chini, na mume aliyekwisha kuzoeshwa chai isiyo na tangawizi. Alijaribu kucheka. Alimwambia mwenzake kazini kwamba hata mume amempata mtumba, wakacheka wote wawili, lakini usiku ule hakulala vizuri.

Kitu kimoja tu maishani kilikuwa chake mwenyewe bila kuachiwa na mtu, nacho ni kazi. Akeyo alikuwa mkuu wa usafi katika gesti moja ya vyumba ishirini na sita upande wa Milimani. Angeweza kukwambia umri wa doa la chai kwa kulinusa. Alijua kwamba nywele za mbwa hazitoki kwenye kochi kwa ufagio bali kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa, na kwamba mkojo wa mnyama haumwagiwi maji ya moto, kwa maana maji ya moto huupika ukaingia ndani ya saruji milele. Wasichana aliowafundisha walimwogopa, na meneja alimwogopa kidogo pia.

Sasa walikuwa wanahama. Khaemba, dereva wa basi la shule, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa amejenga vyumba vitatu kwenye ploti yao wenyewe huko Njoro, na ua wa miti kuzunguka. Kwa Akeyo hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza ambayo Celestine hakuwahi kukanyaga. Vyombo vyenye C.N. alikwisha kuvigawa. Kikabaki kitu kimoja.

"Vitu vya marehemu vinafaa kurudi kwao," alimwambia Khaemba mwezi uliopita, wakila.

"Vitu gani tena? Nguo zilienda zote."

"Huyo hapo mlangoni."

Ni kweli watu huwarudishia ndugu wa marehemu nguo zake, viti na vyungu. Hakuna aliyewahi kusikia desturi hiyo ikitajwa kuhusu mbwa, na Akeyo mwenyewe alijua anaivuta kama blanketi fupi. Khaemba aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama Sajini.

"Kule kuna boma kubwa," alisema. "Mbwa ingefaa."

"Tutatafuta nyingine. Ndogo. Yetu."

"Sawa," Khaemba akasema mwishowe. "Nitampigia Joan."

Joan alikuwa mdogo wake Celestine, aliyekaa Gilgil, na alifanana na dada yake mpaka mwanya. Kwa heshima ya desturi alimwita Akeyo "dada", kwa sababu ameketi mahali pa dada yake, na kila alipolitamka neno hilo Akeyo alihisi limemkwama kooni yeye badala ya msemaji. Ndiye aliyekuja Ijumaa na kamba.

Jumamosi asubuhi Khaemba alipakia vitanda kwenye pikapu ya kukodi akaenda Njoro safari ya kwanza. Akeyo akabaki na ndoo tatu, brashi mbili, jik ya kutoa madoa, magadi na msasa. Naftaly, mzee anayetunza ploti, angekuja saa sita kukagua nyumba. Khaemba alikuwa amemkumbusha habari ya kurudishiwa dipositi ya nyumba, ila Akeyo hakuwa akiwaza dipositi. Aliapa kwamba mpangaji atakayeingia nambari nne hatawahi kujua kuwa mbwa aliishi humo. Hata akija na pua ya mbwa wa polisi.

Alianza na harufu. Pembe ya chumba cha mbele, pale Sajini alipokuwa akilala usiku, aliinyunyizia magadi makavu, akaiacha inywe unyevu, halafu akaifagia na kuimwagia maji baridi yenye siki. Alisugua sakafu nyekundu kwa magoti, mraba kwa mraba. Alitoa nywele kwenye nyufa za dirisha kwa kijiti cha meno. Kila unywele alioupata aliutazama kwa chuki, kana kwamba umeachwa makusudi. Ulikuja humu na Celestine, alisema moyoni, na leo unatoka. Kazi ilimpa raha mbaya. Alisugua huku akiimba, na hakukumbuka lini aliimba mara ya mwisho ndani ya nyumba ile.

Mlango aliuacha mwisho.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yake, Akeyo aliona upande wa ndani wa mlango ule, chini kabisa, mikwaruzo ya kucha imekatiza rangi ya bluu. Alimuuliza jirani wa wakati huo. Jirani akasema kwa huruma, "Ni Sajini. Celestine akilazwa hospitali, hiyo mbwa ilikuwa inakwaruza hapo siku nzima ikimngoja." Siku iliyofuata Akeyo alinunua kitambaa cha maua, akakipigilia misumari mlangoni kutoka juu hadi chini, na hakutaka kuiona mikwaruzo ile tena. Mara mbili au tatu alikishona kitambaa upya pindo la chini lilipochanika. Alidhani linabanwa na mlango.

Sasa aliing'oa misumari, mmoja mmoja. Kitambaa kikaanguka.

Hakuwa amekumbuka kwamba ilikuwa mingi hivyo. Chini ya mlango hapakuwa na rangi kabisa. Kucha zilikuwa zimepita juu ya kucha, nyingine zimezama ndani kiasi cha kuingia shilingi, na vipande vya mbao vimesimama kama vinyweleo. Mbao ilikuwa nyeupe, na Akeyo, anayejua umri wa doa la chai kwa kulinusa, akadhani ni nyeupe kwa sababu kitambaa kiliikinga na jua. Wivu ulikuwa umemziba macho na pua pia.

Alikaa chini sakafuni. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na ndani ya hiyo yote hakukumbuka mtu wala mnyama aliyewahi kumngoja hivi. Mama yake alimpenda, lakini walikuwa sita. Khaemba alimheshimu, akirudi anauliza habari za kazi, analala. Na huyu Celestine, aliye chini ya mchanga miaka kumi, alikuwa ameacha kiumbe kinachokwaruza mbao kwa ajili yake. Akeyo aliona wivu. Aliona wivu na akaona haya kwamba anamwonea wivu maiti kwa sababu ya mbwa, na haya ile ikamzidishia hasira.

Akashika msasa.

Alisugua kama mtu anayefuta jina. Vumbi la mbao lilimjaa kwenye kope. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa mlango, umekuwa laini kama meza, Naftaly alipobisha kwa mkono uleule alioshikia daftari.

Naftaly alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua la kudumu, na daftari lake lilijulikana ploti nzima. Kila taa iliyobadilishwa, kila bomba lililopasuka, aliandika humo kwa herufi kubwa. Aliingia, akanusa, akanusa tena.

"Mama, hapa hata panya itapotea," alisema. "Hii nyumba haijawahi kuwa safi hivi."

"Imebaki mlango tu, mzee. Nitausugua wote, jioni nipake rangi."

Naftaly aliinama akaupapasa upande wenye mikwaruzo. Akatikisa kichwa. "Mlango ya miaka sita. Ona vile imeliwa."

"Miaka sita gani? Hizi alama ni za wakati wa marehemu."

"Marehemu nani?"

"Celestine, mzee. Kwani tumezika wangapi hapa?"

"Celestine hakuona huu mlango." Alisema bila haraka, kama mtu anayesahihisha tarehe. "Ule wake ulivunjika. Ngoja."

Alilowesha kidole, akafungua daftari nyuma sana, akapitisha kidole chini ya mistari, kisha akamgeuzia Akeyo ukurasa. Akeyo alijipangusa vumbi machoni akasoma:

MEI 2019. NA. 4. MBWA IMEVUNJA MLANGO CHINI. IMEKATAA CHAKULA SIKU YA TANO. MAMA SAJINI AMEENDA KWAO KUZIKA MAMAKE, HAJARUDI. BABA ANALETA MLANGO MPYA. RANGI ILEILE.

Alisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili alisoma polepole. Mwezi wa Mei 2019 Akeyo alikuwa kwao Ahero. Alikaa huko wiki saba, akamzika mama yake, akabaki kumwangalia baba. Aliporudi, alikuta nyumba kama alivyoiacha, kitambaa cha maua kimening'inia mlangoni mahali pake.

"Umeandika Mama Sajini," alisema.

"Eeh."

"Mwaka wa 2019. Na Celestine alikufa 2015."

"Najua. Nilibeba jeneza."

"Sasa huyu Mama Sajini ni nani?"

Naftaly alimtazama kama aliyeulizwa Nakuru iko wapi.

"Si ni wewe," alisema. "Ile siku ya kwanza ulikataza, tukakuheshimu, mbele yako hatusemi. Lakini ukishatoka, tungekuitaje? Ploti yote inakuitanga hivyo."

Akeyo alionyesha mlango kwa msasa.

"Na hizi?"

"Hizo ni za kila asubuhi. Mzee yako anatoka saa kumi na moja, mbwa kimya. Hata kichwa haiinui. Wewe unatoka saa kumi na mbili unusu, geti ikifungwa tu, inaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Inalia mpaka baba arudi saa nne kuifungulia. Mimi nakaa hapa nyuma ya ukuta, nitakosa kusikia? Ukiwa nyumbani haikwaruzi, itakwaruza ikimtafuta nani?"

"Ikiwa ananipenda hivyo," Akeyo alisema, na sauti yake ilikuwa ya ugomvi kwa sababu hakuwa na nyingine karibu, "mbona hunipa mgongo? Miaka minane mzee, analala hapo mlangoni amenipa mgongo anaangalia geti!"

Naftaly akacheka mpaka koti likatikisika. "Mama, mimi ni mtu wa kuchunga. Nikichunga hii ploti naangalia nyumba ama naangalia geti?"

Aliandika kitu kwenye daftari, akasema atarudi jioni kuona rangi, akaenda zake.

Akeyo alibaki na nusu ya mlango laini na nusu yenye makovu. Ile nusu laini ilimkata maini. Alikuwa ameshafuta mwaka mzima, labda miaka mitatu, kwa mkono wake, akiimba. Alimpigia Khaemba simu.

"Mlango wa 2019," alisema bila salamu. "Ulijua."

Akasikia vitanda vikishushwa huko Njoro.

"Nilijua," Khaemba akasema.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Akeyo? Ukisikia jina la hiyo mbwa unakunja uso. Ulikuwa umetoka kuzika mama. Nikaogopa nikisema imevunja mlango, utaifukuza. Nikarudisha kitambaa chako, nikanyamaza. Halafu kunyamaza nako kukawa mazoea."

"Nilimfukuza hata hivyo."

"Eeh. Ulimfukuza."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo likamuumiza zaidi. Akeyo alikata simu. Aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, ikabaki kunuka jik na magadi, akavaa sweta, akapita getini bila kufunga nyumba.

"Na rangi?" Naftaly alimwita kutoka nyuma.

"Nitarudi!"

Njia nzima hakujuta wala hakulia. Alikuwa akiona wivu, na safari hii ulikuwa na mtu wa kuupokea. Aliwaza mikono ya Joan kwenye masikio ya Sajini. Aliwaza sauti ile ya kubembeleza, kuja twende kwetu. Kwenu wapi? Aliwaza kwamba mbwa ni mbwa, ukimpa nyama siku mbili anakusahau, na kwamba jana asubuhi yeye Akeyo alisimama jikoni na kifuniko mkononi huku kiumbe pekee kilichowahi kumlilia kikivutwa kwa kamba hatua kumi kutoka kwake. Labda Sajini aligeuka getini akimtafuta, na hakumwona. Aliwaza vilevile kwamba ameshachelewa, kwamba atamkuta amejinyoosha kwenye mkeka wa Joan, ameshiba, amempa Joan mgongo.

Saa tisa alikuwa Gilgil. Nyumba ya Joan ilikuwa nyuma ya soko, chumba na sebule, na stoo ndogo ya mbao upande wa ua. Joan mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, shati la mume wake linamngoja kwenye beseni halijafuliwa. Aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, na kwa jinsi alivyofanana na ile picha, Akeyo alihisi kama Celestine ndiye aliyekuwa amelia.

"Dada!" Joan alisimama. "Karibu. Hata sikukutarajia. Mko salama?"

"Tuko salama. Yuko wapi?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Aliisikia. Kwaru, kwaru, kwaru, kutoka stoo, halafu mlio mwembamba, halafu kwaru tena. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo maishani, kwa sababu ilikuwa ikianza baada ya yeye kufunga geti.

"Tangu jana," Joan alisema. "Nikimfungulia anatoroka, alifika hadi barabarani, ikabidi nimfungie. Nyama amekataa. Maziwa amekataa." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nimelia, dada, sitakuficha. Miaka kumi. Sisi ndugu zake wa damu, mwaka huu tulisahau hata siku yake, hakuna aliyekumbuka kufanya maombi. Na hiki kinyama bado kinamngoja Celestine."

Akeyo alisimama katikati ya ua. Ilikuwa wazi anachopaswa kufanya. Angesema ni kweli, dada, mapenzi ya mnyama hayaishi. Angeomba mbwa kwa kisingizio cha boma la Njoro, wezi, chochote, naye Joan angebaki na faraja yake ndogo bila kupunguziwa. Mwanamke mwema angefanya hivyo. Maisha yake yote Akeyo alikuwa amevaa kola yenye jina la mwingine na kunyamaza, na alijua vizuri kabisa jinsi ya kunyamaza.

"Si Celestine," alisema.

"Nini?"

"Hamngoji Celestine. Ananingoja mimi." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, jirani mmoja akachungulia. "Amekwaruza mlango wangu miaka sita, kila asubuhi nikienda kazi. Aliuvunja mwingine nilipoenda kuzika mama yangu. Imeandikwa, ukitaka nitakuonyesha. Fungua, Joan. Huyo ni wangu."

Joan alimtazama. Kwanza alionekana kama hakuelewa. Kisha alielewa, na Akeyo akaona kitu anachokijua kikipita usoni mwake, kile cha mtu anayegundua kwamba mapenzi aliyokuwa akiyatazama si ya kwao. Kwa miaka minane Akeyo alikuwa amekibeba kitu hicho, na sasa alikiona kwa mtu mwingine, chini ya macho yaleyale na mwanya uleule. Hakumwonea huruma bado. Labda ingekuja kesho.

Joan hakubishana. Alienda akainua komeo la stoo.

Sajini alitoka. Hakuruka wala hakubweka, hakuwa na umri huo tena. Alimpita Joan kana kwamba amepita kiti, akaja moja kwa moja mpaka kwa Akeyo, akanusa mikono yake yenye jik, akapiga chafya mara mbili. Kisha akageuka, akakaa juu ya viatu vyake, akampa mgongo, na kukaza macho kwenye geti la Joan.

Uzito wake ulikuwa mdogo kuliko Akeyo alivyodhani. Alihisi mapigo ya moyo wa mnyama yakimgonga kwenye mifupa ya miguu, haraka haraka, kisha polepole. Hakusogea.

Joan alikuwa akiutazama mlango wa stoo. Upande wa ndani, chini, rangi ya kijani ilikuwa imechimbwa mpaka kwenye mbao, kwa siku moja na nusu tu.

"Pole," Akeyo alimwambia. "Nitakuja na msasa niusugue."

Lakini jicho lake lilikuwa kwenye ile mikwaruzo, akiihesabu, na pole hakuwa nayo hata kidogo.